Video za mauaji: sheria ya mbio inaweza kufuta ushahidi wetu

Tarehe 30 mwezi wa nane 2023, siku wanajeshi walipoua raia mjini Goma, simu yangu ilijaa picha na video. Moja ilisambaa kuliko zote: wanajeshi wanabeba maiti na kuzitupa ndani ya gari la jeshi. Mtu aliituma kwenye grupu letu la WhatsApp la familia. Shangazi yangu akaandika palepale: “Toeni hiyo kitu, humu kuna watoto.” Mjomba wangu akamjibu: “Musifute. Kesho watasema hakuna mtu aliyekufa.”

Wote wawili walikuwa na haki. Kila mara video ya aina ile inapozunguka, wenye madaraka husikia sauti ya shangazi peke yake. Wanaahidi sheria kali, wanaitaka ipite upesi, na wanapigiwa makofi. Ya mjomba hakuna anayeiuliza.

Tukumbuke kilichotokea baada ya siku ile. Waliouawa walikuwa waumini wa dhehebu moja waliojiandaa kuandamana dhidi ya MONUSCO. Hesabu ya kwanza iliyotolewa na viongozi ilikuwa chini ya watu kumi. Siku iliyofuata ikawa 43. Kesi ilipofunguliwa, hesabu ilikwisha kupita 50. Mawaziri walipanda ndege kutoka Kinshasa kuja Goma, na tarehe 5 mwezi wa tisa mahakama ya kijeshi ilikuwa imekwisha kuanza kusikiliza. Tarehe 2 mwezi wa kumi Kanali Mike Mikombe alihukumiwa kifo, na wanajeshi wengine watatu walipewa miaka kumi jela. Sisi tunaofuatilia kesi za kijeshi katika Kivu tunajua kwamba mauaji ya raia kwa kawaida hayafiki mahakamani ndani ya juma moja. Safari hii yalifika. Sisemi video peke yake ndiyo iliyofanya kazi hiyo, lakini jaribuni kuwaza siku zile bila ile video.

Sasa tuende mbali kidogo, kwa sababu iko nchi iliyokwisha kujaribu dawa hii ya haraka, na yaliyoandikwa katika sheria yake yanatuhusu kuliko tunavyodhani.

Tarehe 15 mwezi wa tatu 2019, mtu mmoja mwenye uraia wa Australia aliingia na bunduki katika misikiti miwili ya mji wa Christchurch, New Zealand, siku ya Ijumaa, wakati wa sala. Aliua watu 51. Jina lake sitaliandika, maana alichotaka ni lijulikane. Alikuwa amevaa kamera, na kwa muda wa dakika 17 alirusha mauaji yake moja kwa moja kwenye Facebook. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, waliotazama wakati yanaendelea hawakufika 200, na hakuna hata mmoja aliyeripoti. Ripoti ya kwanza ilifika dakika 12 baada ya matangazo kwisha. Kabla video haijaondolewa ilikuwa imetazamwa mara 4,000 hivi. Halafu mafuriko yakaanza: ndani ya saa 24 Facebook iliondoa nakala milioni 1.5, na milioni 1.2 kati yake zilizuiliwa wakati watu wanajaribu kuzipakia.

Kule Australia, hasira ilikuwa kubwa na uchaguzi ulikuwa mlangoni. Tarehe 3 mwezi wa nne, siku 19 tu baada ya mauaji, Seneti ilipitisha sheria mpya juu ya picha na sauti za ukatili wa kutisha. Kesho yake Baraza la Wawakilishi likaipitisha pia, siku ya mwisho ya kikao kabla ya wabunge kwenda kuomba kura. Hakuna kamati iliyoisoma kwa utulivu. Wanasheria wa nchi hiyo walisema hadharani kwamba jambo zito namna hii halipaswi kupitishwa mbiombio. Sheria ikapita hivyo hivyo, na wananchi wakachagua bunge jipya tarehe 18 mwezi wa tano.

Sheria ile inasema nini? Kampuni inayohifadhi video ya ugaidi, mauaji, jaribio la kuua, mateso, ubakaji au utekaji, na isiiondoe kwa haraka, inaweza kutozwa faini inayofika asilimia 10 ya mapato yake ya mwaka. Mtu binafsi anaweza kufungwa miaka mitatu. Lakini haraka ni nini? Saa moja? Siku mbili? Sheria haikusema. Mfanyakazi wa kampuni aliyekaa mbele ya skrini, akijua kwamba kosa lake linaweza kugharimu asilimia 10 ya mapato, atafanya jambo ambalo kila mtu mwenye hofu hufanya. Atafuta, na akipata shaka atafuta zaidi.

Na kuna kifungu kimoja kilichonishangaza nilipokisoma. Sheria ya Australia haigusi kila video ya mauaji. Inagusa ile iliyopigwa na muuaji mwenyewe au mwenzake aliyemsaidia. Shahidi aliyesimama pembeni na simu yake hahusiki. Pia inawaachia nafasi waandishi wa habari, mahakama na watafiti. Kwa hiyo si haki kusema waliandika upuuzi mtupu. Kwa mtu wa Sydney mpaka ule unaonekana mzuri kabisa: video ya muuaji ni tangazo la muuaji, iondoke.

Kwetu Congo, video iliyopigwa na muuaji mara nyingine ndiyo ushahidi mkubwa kuliko wote.

Mwezi wa pili 2017, wakati wa vita ya Kamuina Nsapu, video ilitokea kwenye mitandao kutoka kijiji cha Mwanza Lomba, Kasaï-Oriental. Wanajeshi wanatembea katika njia ya kijiji, wanapiga risasi watu, baadhi yao vijana wenye fimbo mikononi, kisha wanapita kati ya miili. Aliyeshika simu alikuwa mmoja wao, sauti yake inasikika. Jibu la kwanza la serikali ya wakati ule lilikuwa kwamba video ni ya kutengenezwa. Majuma machache baadaye, mwezi wa tatu, mwendesha mashtaka mkuu wa jeshi alitangaza kukamatwa kwa wanajeshi saba, na mwezi wa saba mahakama ya kijeshi ikatoa hukumu ya hatia. Chukueni sasa kipimo cha Australia mkiweke juu ya video hiyo. Mauaji? Ndiyo. Imepigwa na mwenzao wauaji? Ndiyo. Ifutwe kwa haraka. Na kama ingefutwa ndani ya saa moja, maneno ya mwisho juu ya Mwanza Lomba yangebaki yale ya msemaji wa serikali.

Katika mwaka uleule, mwezi wa nne, serikali yenyewe iliwaita waandishi wa habari mjini Kinshasa na kuwaonyesha video ya kuuawa kwa wataalamu wawili wa Umoja wa Mataifa, Michael Sharp na Zaida Catalán, waliouawa Kasaï mwezi mmoja kabla. Ilikuwa video ya kutisha kuliko nyingi. Siku ile ukatili wa picha haukuzuia kitu, kwa sababu picha zilisaidia upande wa aliyezionyesha. Serikali zote ziko hivyo, si yetu peke yake, na ndiyo sababu swali la nani anaamua lina uzito kuliko swali la adhabu iwe miaka mingapi.

Hata Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule La Haye imeegemea video za wauaji. Mwezi wa nane 2017 ilitoa hati ya kumkamata kamanda wa Libya, Mahmoud al-Werfalli, kwa sehemu kubwa kutokana na video zilizomwonyesha akiua wafungwa au akiamuru wauawe, video ambazo zilikuwa zimewekwa kwenye mitandao ya kijamii. Mwaka huohuo YouTube iliweka mashine ya kutambua na kuondoa video za watu wenye msimamo mkali, na mashine ile ikafagia video nyingi sana za vita ya Syria ambazo wanaharakati walikuwa wameziweka pale kama kumbukumbu ya uhalifu. Mashine haikujua tofauti kati ya mtu anayejivunia bomu na mtu anayeonyesha lilipoangukia. Baadhi zilirudishwa baada ya malalamiko. Zingine mwenye kuzipiga alikuwa amekwisha kufa, na nakala hakuna.

Nisieleweke vibaya. Sitetei video ya mauaji izunguke kama wimbo.

Mwaka uliofuata baada ya yale ya Goma, kijana mmoja alipigwa na umati hadi kufa, si mbali na nyumba ya mjomba wangu. Walisema ni mwizi. Mtu mmoja katika umati alipiga video na kuiposti akiweka vichekesho juu yake. Mama wa kijana alikuwa sokoni. Jirani yake wa meza alimwonyesha simu akidhani anamwonyesha habari ya mtaa. Nilimtembelea yule mama baadaye, nikiwa naandika habari juu ya haki ya mikononi, na jambo alilolirudia hata mara nne halikuwa juu ya waliomuua mwanawe. Aliuliza ni nani aliyempa mtu ruhusa ya kumwonyesha mtoto wake uchi. Sikuwa na jibu. Video ile ilibaki siku kadhaa. Watu watatu tuliiripoti, na kila mmoja alipokea ujumbe wa mashine kwamba haivunji kanuni. Kisha siku moja ikaondoka, bila maelezo.

Na kuna ubaya mkubwa zaidi ya uchungu wa mama mmoja. Mwezi wa kumi na mbili 2021 afisa wa jeshi la taifa, Munyamulenge, aliuawa na umati kule Lweba, katika teritware ya Fizi, kwa sababu ya kabila lake. Mwili wake ulichomwa. Picha zilizunguka na maneno ya kushangilia chini yake. Picha za namna ile zinafanya kazi ya kualika. Anayezituma anawaambia wengine kwamba jambo hili linawezekana na hakuna atakayewauliza. Mtu anayesema tusiguse chochote kwa jina la uhuru hajakaa katika Kivu wala Ituri.

Kwa hiyo sheria inahitajika. Ninachokataa ni sheria ya hasira, na zaidi sheria ya hasira katika nchi ambayo tayari tunajua sheria za namna hiyo huangukia kichwa cha nani.

Tunajua kwa sababu tunayo moja. Kanuni yetu ya mambo ya kidijitali ilitiwa sahihi tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 kwa njia ya ordonnance-loi, pamoja na sheria mpya ya uhuru wa vyombo vya habari, siku ileile. Katiba inaruhusu njia hiyo: Bunge linamkabidhi serikali mamlaka kwa muda. Lakini maana yake ni kwamba kitabu kizima chenye mamia ya vifungu hakikupita katika mabishano ya kawaida ya wabunge, kifungu kwa kifungu, mbele ya macho yetu. Ndani yake kiko kifungu cha 360, kinachompeleka jela mwezi mmoja hadi sita yeyote anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo juu ya mtu kwenye mitandao. Nusu mwaka tu baadaye, tarehe 8 mwezi wa tisa 2023, mwenzetu Stanis Bujakera alikamatwa kwenye uwanja wa ndege wa Kinshasa, na kanuni hiyo mpya ikawa miongoni mwa sheria alizoshtakiwa nazo, juu ya habari iliyohusu kuuawa kwa Chérubin Okende. Alikaa gerezani miezi sita na zaidi. Alitoka mwezi wa tatu 2024. Tuliambiwa kanuni ile ni ya kulinda raia katika ulimwengu wa kompyuta, na mmoja wa watu wa kwanza kujulikana nchi nzima kwa kupitia mikono yake akawa mwandishi wa habari.

Tukaona tena mwanzoni mwa 2025. Mwezi wa kwanza waziri wa sheria wa wakati ule, Constant Mutamba, alitangaza kwenye mtandao kwamba mwanasiasa, mwandishi wa habari au mtu wa dini atakayesambaza vitendo vya jeshi la Rwanda na M23 atakutana na adhabu ya kifo. Mwezi wa pili, Goma ikiwa imekwisha kuanguka na Bukavu ikielekea huko, watu wakashindwa kufungua X na TikTok. Najua vita ina mambo yake. Lakini mtu aliyekuwa anatafuta habari ya ndugu zake Goma siku zile alipoteza dirisha moja kati ya machache yaliyobaki, na video za kutisha hazikukoma. Zilihamia WhatsApp.

Hapo ndipo sheria za namna ya Australia zinapokwama kwetu. Watu wetu wengi hawatazami mauaji kwenye ukurasa wa wazi ambao kampuni inaweza kuufuta. Wanatumiwa na binamu. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa namna ambayo hata kampuni haioni ndani yake, na ufungaji huo ndio unaomlinda pia mtu anayeripoti uhalifu kutoka Masisi au Djugu. Ukiwaamuru wafute kwa saa moja, watakujibu kwamba hawaoni cha kufuta. Kilichosaidia kidogo ni hatua ndogo isiyo na makelele: 2019 WhatsApp iliweka kikomo cha watu au grupu tano kwa kila ujumbe unaotumwa mbele, na 2020, kwa ujumbe uliokwisha kuzunguka mno, ikawa mtu mmoja au grupu moja tu kwa mara moja. Kampuni ilisema ujumbe wa aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Hakuna aliyefungwa, hakuna video iliyofutwa, mwendo tu ulipungua. Mbunge anayetaka sheria nzuri angeanza kwa kuuliza maswali ya namna hiyo.

Angeuliza pia ni nani anayesoma ripoti zetu. Kwa miaka kadhaa kazi ya kuchuja Facebook kwa lugha za Afrika ya Mashariki, Kiswahili kikiwa ndani, ilifanywa Nairobi na vijana walioajiriwa na kampuni ya kati. Mmoja wao, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, alifungua kesi 2022 akieleza hali ya kazi na majeraha ya akili. Mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 wakafungua yao. Hao ndio waliokuwa wanatazama vichwa vilivyokatwa ili sisi tusivione. Ukiongeza faini bila kuongeza watu wanaojua Kiswahili cha Bukavu, Lingala, Tshiluba au Kinande, kampuni itaweka mashine, na mashine haijui kwamba neno fulani huku ni tusi na kule ni jina la mlima. Haitajua vilevile kwamba video inayosemwa ni ya Beni ilipigwa nchi nyingine miaka sita iliyopita. Sisi katika chumba cha habari tunapoteza nusu siku kwa kuthibitisha kitu kama hicho, tukitazama vibao vya maduka, sare, umbo la kilima.

Wabunge wetu wanapenda kutazama Paris wanapoandika sheria. Basi watazame na hili. Mwezi wa tano 2020 Bunge la Ufaransa lilipitisha sheria iliyojulikana kwa jina la mbunge Laetitia Avia: saa 24 kuondoa matamshi ya chuki, saa moja kuondoa kile ambacho utawala umekiita cha kigaidi. Tarehe 18 mwezi wa sita, Baraza la Katiba likakata moyo wa sheria hiyo. Sababu yao inaeleweka hata na mtu asiyesoma sheria: aliyeamua ni utawala, si hakimu, na saa moja haitoshi mtu kwenda kwa hakimu. Kama muda huo ulionekana mfupi katika nchi yenye mahakama kila mji, sijui tuuite nini katika nchi ambamo hakimu wa karibu anaweza kuwa siku mbili kwa pikipiki.

Ningependa nini, basi? Kwanza, sheria yetu itenganishe kuondoa na kufuta. Video ya yule kijana iondoke machoni pa watu, hata leo hii, na mama yake awe na mlango wa kuomba hivyo bila kulipa mwanasheria. Lakini kampuni ilazimishwe kuweka nakala kamili, pamoja na saa na mahali, ifungwe mpaka hakimu aiombe. Hii si ndoto ya wazungu. Mwezi wa tisa 2018, mahakama ya kijeshi huko Bukavu iliwahukumu makamanda wawili wa FDLR kwa mauaji ya Kamananga na Lumenje ya 2012, na kati ya ushahidi zilikuwemo picha zilizopigwa kwa programu ya simu inayohifadhi saa na mahali picha ilipochukuliwa, ili mtu asiweze kudai ni za kutengenezwa. Tumekwisha kufanya, na tumefanya nyumbani.

Na aliyepiga video akaipeleka kwa mwendesha mashtaka alindwe kwa maandishi, awe mwandishi wa habari au muuza mukati. Sheria ya Australia inamtaja mwandishi anayefanya kazi hiyo kama taaluma. Katika vijiji vyetu mwandishi wa namna hiyo hayupo. Yupo mwalimu, yupo mama wa shamba, yupo dereva wa moto. Mwanza Lomba haikufichuliwa na mtu mwenye kadi ya taaluma.

Juu ya mwendo wa kuitunga, sidai miaka kumi. Kikao kimoja cha kawaida kinatosha, na tume ya Bunge inayoshughulikia siasa, utawala na sheria, PAJ, iwaite watu: mahakimu wa kijeshi wanaotumia video hizi, familia za waliouawa, sisi wa habari, na hao wa kampuni waje waeleze wana watu wangapi wanaosoma lugha zetu nne za taifa. Waulizwe mbele ya kamera. Jibu lao lingekuwa habari peke yake.

Mjomba wangu naye ana video ya kijana yule. Aliipiga dirishani, kabla umati haujawa mkubwa, na nyuso zinaonekana wazi, hata ya mtu aliyeleta tairi. Hajamtumia yeyote, hata kwenye grupu la familia. Alikwenda mara moja kwenye ofisi moja ya polisi kuuliza kama wanaitaka. Aliyempokea alimwambia aifute haraka, maana kuwa na kitu kama hicho kwenye simu kunaweza kumfunga. Hakuifuta. Ameihamisha kwenye kadi ya simu ya zamani, ameifunga ndani ya karatasi na kuiweka chini ya nguo, na tangu wakati ule ameniuliza mara mbili ni wapi aipeleke.

Bado sijamjibu.